Mkwaju kati ya Mugumu na Loliondo: barabara ya Serengeti ipite wapi?

Katika hotuba za bajeti za wizara inayosimamia ujenzi, mradi mmoja wa barabara za kaskazini mwa Tanzania umekuwa ukiandikwa hivi: Makutano–Natta–Mugumu/Loliondo–Mto wa Mbu. Miji mingine imeunganishwa kwa vistari, lakini Mugumu na Loliondo zimetenganishwa kwa mkwaju (/). Alama hiyo ndogo imeshika nafasi ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na nyuma yake kuna mabishano ambayo hadi leo yanawagawa watu wenye nia njema.

Mpango wa awali, ambao Serikali ya Rais Jakaya Kikwete iliutetea kwa nguvu mwaka 2010, ulikuwa barabara moja isiyokatika kutoka upande wa Musoma hadi Arusha. Ilikuwa ipite Natta na Mugumu, ikatize kaskazini mwa hifadhi kwa kilomita 53 hadi geti la Kleins, kisha ishuke Loliondo, ipite kando ya Ziwa Natron na kutokea Mto wa Mbu. Hoja ya Serikali ilieleweka kwa kila Mtanzania aliyewahi kukwama njiani: wilaya za Serengeti na Ngorongoro haziwezi kuachwa bila lami kwa sababu tu zimepakana na wanyama.

Hoja hiyo ina uzito kuliko wengi wa wapinzani wake walivyotaka kukiri. Mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika Samunge kunywa kikombe cha Babu, dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, nchi nzima iliona kwenye televisheni jinsi eneo la Loliondo linavyofikika: foleni ya magari iliyosogea kwa siku nyingi katika vumbi, na wagonjwa waliofariki wakiwa bado njiani. Umati ulipoondoka, wenyeji walibaki na barabara ileile. Mfugaji wa huko aliona ni rahisi kupeleka ng'ombe wake sokoni Kenya kuliko Arusha, ambako ndiko makao makuu ya mkoa wake yaliko. Kwa upande wa Mara, abiria anayetaka kufika Arusha hana budi kuchagua kati ya kuzunguka Mwanza, Shinyanga na Singida, au kupanda basi linalokatiza Serengeti na Ngorongoro katika njia ya changarawe, tena kwa kulipa kiingilio cha hifadhi kama mtalii ilhali anakwenda msibani.

Kuna pia deni la kihistoria. Wamaasai walioishi Serengeti waliondolewa na kuhamishiwa Ngorongoro mipaka mipya ilipowekwa mwaka 1959. Watu ambao wazazi wao waliachia ardhi ili hifadhi iwepo wakiambiwa tena kwamba hata barabara hawaipati, ni haki yao kuuliza ni mara ngapi watalipia uhifadhi huo.

Hata hivyo, kilichokuwa upande wa pili wa mizani hakikuwa kitu chepesi. Nyumbu wa Serengeti, wapatao milioni 1.3, huzaa kwenye nyanda za majani mafupi za kusini mwanzoni mwa mwaka, huelekea magharibi mvua zinapokatika, kisha kati ya Julai na Oktoba huwa kaskazini, wakivuka kwenda na kurudi Masai Mara kwa sababu Mto Mara ndio wenye maji ya kutegemewa kiangazi. Mstari wa barabara uliopendekezwa ulikata pale pale wanapolazimika kupita kuyafikia maji hayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba kizuizi katika eneo hilo kingeweza kupunguza idadi yao kwa zaidi ya theluthi moja, hata kama hakuna eka ya malisho iliyopotea, kwa sababu tu ya kukatwa kwa njia.

Wapo waliojibu kwamba lami yenyewe haimuui nyumbu, anaivuka na kwenda zake. Ni kweli, ila barabara haibaki jinsi ilivyofunguliwa. Aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Morogoro kwenda Iringa ameona mfano katika zile kilomita 50 hivi ambazo barabara kuu ya TANZAM inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Basi linapunguza mwendo kwenye matuta, abiria wa dirishani anamwonyesha mwenzake swala wanaolisha hatua chache kutoka ukingoni, na kando ya barabara limesimama bango lenye michoro ya wanyama na faini ya kila mmoja kwa atakayemgonga. Bango la namna hiyo halitengenezwi kwa ajili ya ajali ya mara moja. Nyuma ya basi kuna malori ya kwenda Zambia na Kongo, na lori lenye shehena halisimami ghafla. Sasa badala ya swala kumi weka kundi la maelfu ya nyumbu linalovuka usiku, bila nafasi kati ya mmoja na mwingine. Baada ya ajali za kwanza zenye vifo vya watu, shinikizo la kujenga uzio lingekuja lenyewe, na lingekuwa na haki. Botswana ilijifunza uzio unafanya nini: nyumbu wa Kalahari walikufa kwa wingi katika ukame wa miaka ya 1980 wakiwa wamezuiwa na uzio wa kudhibiti magonjwa ya mifugo wasiyafikie maji.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili hulisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu hawa walikuwa kama 250,000 tu, kwa sababu sotoka, ugonjwa unaotokana na ng'ombe, ilikuwa ikiwamaliza ndama wao. Waliongezeka baada ya ng'ombe wa vijiji vilivyozunguka hifadhi kuchanjwa na ugonjwa kukatika. Kwa hiyo kundi ambalo dunia inasafiri kuja kulitazama limetokana pia na zizi la mfugaji, na anayemchukulia mfugaji huyo kama adui wa Serengeti anakosea tangu mwanzo.

Mashinikizo yalipozidi, Juni 2011 Serikali iliiandikia Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwamba lami itaishia nje ya hifadhi pande zote mbili, na sehemu ya ndani itabaki ya changarawe chini ya usimamizi wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, katika shauri lililofunguliwa na shirika la kutetea wanyama la Nairobi, ANAW, ilizuia moja kwa moja utekelezaji wa mpango ule wa awali wa lami ndani ya hifadhi, kwa kuwa ungekiuka Mkataba wa Jumuiya.

Naiunga mkono hukumu hiyo, kwa sababu ambayo haikusikika sana katika kelele za wakati ule. Mpango wa awali ulifungasha mahitaji mawili katika mstari mmoja wa ramani. La kwanza ni la mkazi: Loliondo ifike Arusha, Mugumu ifike Musoma na Mwanza. La pili ni la mizigo na safari ndefu kati ya Kanda ya Ziwa na mikoa ya kaskazini. Hitaji la kwanza halihitaji kuvuka hifadhi hata kidogo, kwa maana mama wa Waso, huko Loliondo, anayepelekwa hospitali ya rufaa haendi Mugumu. Kilomita 49 za lami kati ya Waso na Sale zilizokwisha kujengwa zimemsaidia bila kumgusa nyumbu yeyote. Hitaji la pili ndilo lililodai zile kilomita 53, na ndilo lenye njia mbadala.

Njia hiyo ni ya kusini: Karatu, Mbulu, Haydom, Mto Sibiti, Lalago hadi Maswa. Ni ndefu kuliko mkato wa Serengeti, lakini inapita katikati ya wakulima na wafugaji wengi, inafika kwenye hospitali kubwa ya Haydom inayotegemewa na watu wa mikoa kadhaa, na inatumia Daraja la Sibiti, mahali ambapo zamani masika yalitenganisha Singida na Simiyu. Benki ya Dunia na Ujerumani zilionyesha utayari wa kusaidia njia mbadala tangu wakati wa mabishano. Juni 2023 Serikali ilitia saini mikataba ya barabara saba zenye jumla ya zaidi ya kilomita 2,000, na mstari huu ulikuwa mmojawapo. Nao una watu wake wa kulindwa: unapita jirani na nchi ya Wahadzabe katika bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi, na lami ikifika huko bila ulinzi wa ardhi yao, wawindaji hao wachache watasukumwa na mashamba kabla hawajasikilizwa.

Lilitolewa pia wazo la daraja refu juu ya hifadhi, nalo likapata mtetezi mzito, marehemu Richard Leakey, mhifadhi mashuhuri wa Kenya. Kenya imepitisha reli ya kisasa juu ya nguzo katika Hifadhi ya Nairobi, lakini huko ni kama kilomita sita. Kwa kilomita 53 gharama yake ingetosha kujenga sehemu kubwa ya njia ya kusini.

Lawama yangu kwa wahifadhi ni kwamba wengi walishangilia hukumu kisha wakaondoka. Kila mwaka ambao njia ya kusini inachelewa, lami inasogea kuelekea hifadhi kutoka mashariki na magharibi, na pengo la katikati linazidi kuonekana kama kazi iliyosahauliwa. Dereva wa lori akifika mwisho wa lami Mugumu huku akijua lami nyingine inamsubiri Loliondo, hataisoma hukumu ya mahakama. Atauliza geti linafunguliwa saa ngapi.

Kwa hiyo masharti ya zile kilomita 53 yanapaswa kuandikwa sasa, kabla ncha mbili za lami hazijafika ukingoni: malori ya mizigo yasiruhusiwe saa yoyote, uzio usijengwe, na mkazi wa Mugumu au Loliondo apite mchana kwa kitambulisho chake bila kulipa kiingilio. Gari la wagonjwa lifunguliwe geti hata usiku wa manane, likisindikizwa na askari wa hifadhi, ili likikutana na nyumbu wanaovuka awepo anayejua namna ya kulipitisha.