Mizani ya Sonara na Kahawa ya Barafu

Mwezi wa Februari, wakati kaskazi inapovuma bila kumpoza mtu na joto la Mombasa linapopita nyuzi 32 hata kivulini, niliapa mbele ya mke wangu kwamba sitanunua tena kahawa ya barafu mjini. Kinywaji chenyewe nilikuwa nakipenda kupita kiasi, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa kuwa kila alasiri nikitoka Kilindini, ambako mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha, nilikuwa nikiacha mkahawani fedha ambazo zingetosha samaki wa chakula cha usiku. Mke wangu alikuwa kwenye mbuzi akikuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Barafu iko, maziwa yako, na kahawa haijapotea duniani, Baba watoto. Kilichobaki ni nini?"

Kilichobaki, kwa maoni yangu, kilikuwa mashine.

Niliipata katika duka moja linalouza vyombo vya umeme vilivyotumika, vile vinavyoshuka bandarini kwa makontena kutoka Uingereza na ambavyo sisi tunavipenda kwa sababu plagi zake za meno matatu huingia ukutani kwetu bila matata. Ubavuni ilikuwa imeandikwa "baa 15" kwa herufi za kujigamba. Baadaye nilikuja kusoma kwamba espreso, ile kahawa nzito ya Kiitaliano inayokamuliwa kwa shinikizo la maji ya moto, huhitaji baa 9 tu, yaani takriban mara tisa ya shinikizo la hewa tunayoivuta, na kwamba ile 15 huwasaidia wauzaji kuliko inavyoisaidia kahawa. Siku hiyo, hata hivyo, nililipa kwa furaha, nikaipakia kwenye tuktuk, nikaipandisha ngazi za nyumba yetu ya Kibokoni, katika Mji wa Kale, huku majirani wakiniuliza kama nimenunua cherehani.

Mtu mwenye akili timamu angepika kahawa, akaimimina juu ya barafu, akanywa, akalala. Mimi nilisoma. Nilisoma mpaka nikajua kwamba gramu 18 za kahawa ya unga hutoa espreso ya gramu 36 kwa muda wa sekunde 25 hadi 30, maji yakiwa na moto wa nyuzi 90 hadi 96, na kwamba kahawa yenyewe haina budi kusagwa laini kuliko chumvi ya mezani, kwa maana ikiwa na chenga kubwa maji hupita mbio na kinywaji kikawa chachu, na ikiwa vumbi tupu maji hukwama na kinywaji kikawa kichungu cha kukunja uso. Mizani yetu ya jikoni, ambayo imezoea kupima unga wa mahamri, haikuwa na habari na gramu 1. Nikaenda kwa jirani yangu ambaye ni sonara, nikamwomba mizani yake ndogo ya akiba, na kwa wiki mbili jikoni kwetu kahawa ikawa inapimwa kwa chombo kilichozoea pete za maharusi.

Maji nayo sikuyapuuza, na naomba msomaji alikumbuke hili. Mkaazi yeyote wa Mji wa Kale anajua kwamba mfereji una siku zake. Kuna siku unatoa maji matamu, na kuna siku unakauka, mwenye nyumba akawasha pampu ya kisima kujaza tangi la juu ya paa, basi kinachotoka mferejini ni maji ya chumvi, mazuri kwa kudekia. Maji ya kunywa huletwa kwa mkokoteni katika mitungi ya lita 20. Hayo ya mkokoteni pia niliyaona hayastahili mashine yangu, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba maji yenye chokaa huacha magamba ndani ya mabomba yake, nikawa nainunulia maji ya chupa. Watoto wangu wanakunywa maji ya mkokoteni na mashine inakunywa ya chupa. Mke wangu alilieleza jambo hili kwa kila mwanamke aliyepita barazani kwetu juma lile.

Lakini somo lililonilevya hasa lilikuwa la barafu. Gramu 1 ya barafu inapoyeyuka hula joto lile lile ambalo lingepandisha gramu 1 ya maji kwa nyuzi 80. Kwa hiyo espreso ya gramu 36 yenye moto wa nyuzi 80, ukitaka ishuke hadi ubaridi wa barafu yenyewe, haina budi kuyeyusha takriban gramu 36 za barafu, uzani wake sawasawa. Ndiyo maana anayetia vipande viwili vitatu hupata kahawa ya uvuguvugu iliyozimuka; barafu ijae bilauri, na iwe ya mapande makubwa, ambayo huyeyuka polepole kuliko madogo. Nilimweleza mke wangu haya yote nikiwa na kalamu mkononi.

"Yaani nusu ya kinywaji ni maji ya barafu," akasema, "na wewe unapima ile nusu nyingine kwa mizani ya dhahabu."

Nilicheka. Nikanunua vibao vya mpira vya kugandishia mapande makubwa, nikavijaza maji usiku ule ule, nikavitia frizani, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza mtihani. Asubuhi yalitoka mapande ya kupendeza mno, pembeni angavu kama kioo na katikati yana kiini cheupe kama lulu. Nilimwita binti yangu aje aitazame lulu ile.

Bilauri ya kwanza niliitengeneza kwa namna ya Waitaliano, ambao huitikisa espreso pamoja na sukari na barafu mpaka ikatoa povu, wakaiita shakerato. Nimewahi kuinywa Malindi, ambako Waitaliano ni wengi na kahawa yao haina mzaha. Sukari kwenye kinywaji baridi huzama chini ikabaki changarawe, kwa hiyo nilitumia shira iliyobaki kwenye kaimati, yenye iliki. Chombo cha kutikisia sikuwa nacho, nikachukua chupa pana iliyokuwa na achari ya maembe, nikaisafisha, nikamimina espreso inayotoka moshi, nikaufunga mfuniko barabara, nikatikisa. Barafu nilikusudia kuitia baadaye. Hewa iliyofungiwa pamoja na kahawa ya moto hutanuka, na haiombi ruhusa: mfuniko uliruka ukagonga boriti, na gramu 36 nilizozipima kwa mizani ya sonara zikagawanyika baina ya dari, kalenda ya ukutani na shati langu la kazini. Mara ya pili nilitanguliza barafu.

Funda la kwanza lilikuwa la ajabu. Kahawa ya Kenya ina ukali wake unaokaribia wa matunda, na nilikuwa nimeutarajia, lakini hii iliteleza kooni bila uchungu wowote. Nilijipongeza kwa sauti. Niliendelea kunywa huku nikisoma gazeti, na nilipofika chini ya bilauri nikaonja ladha niliyoijua tangu utotoni lakini si katika kahawa. Niliijua kutoka Bamburi, siku nilipokuwa nafunzwa kuogelea na wimbi likaniingia mdomoni.

Hapo ulianza upelelezi ambao sasa naona haya kuusimulia. Mshukiwa wa kwanza alikuwa muuza kahawa. Nilirudi kwake na pakiti yake, nikamwambia kwa adabu lakini kwa uso mkavu kwamba buni zake zimelowa maji ya bahari. Alizisaga mbele yangu, akapika, akanywa, akanipa nami nikanywa, na haikuwa na kasoro. Nilikwenda nyumbani nikapika espreso ya moto, nikaionja bila kitu, nayo pia haikuwa na kasoro. Basi kosa si la kahawa. Nikahamia kwa maziwa, kwa sababu siku nyingine nilikuwa natia maziwa na barafu kwanza kisha espreso juu, ile late ya baridi. Nikabadilisha maziwa ya pakiti aina tatu, na kila mara funda la kwanza ni harusi na la mwisho ni bahari. Ndipo nikaikumbuka chupa ya achari. Achari huwa na chumvi! Nikaona nimefika mwisho wa kesi. Niliitupa chupa ile, ingawa mke wangu alikuwa ameiwekea nia, nikanunua chombo halisi cha chuma cha kutikisia vinywaji, kwa bei ambayo mpaka leo naitaja kwa kuipunguza.

Kwa imani hiyo, bila kuonja tena, nikamwalika Ami.

Ami ni ndugu mkubwa wa marehemu baba yangu, na kwa miaka yote ninayomjua amekunywa kahawa chungu ya tangawizi kutoka dele la shaba, katika vikombe vidogo visivyo na mkono, akiwa juu ya baraza ile ile. Alikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu ikiwa nyeupe ya kuumiza macho, akifuatana na wazee wenzake wawili. Tulikula pilau, kisha nikawapangia bilauri tatu, povu juu, barafu imejaa.

"Mwanangu," Ami akasema akiigeuzageuza bilauri, "kahawa hii mbona haina moshi?"

"Ni ya Kiitaliano, Ami. Hunywewa baridi."

"Wamekosa mkaa?"

Hata hivyo alionja, nao wenzake wakaonja. Mzee mmoja akasema mashaallah, haina uchungu kabisa. Kifua changu kilipanda. Nikawaeleza baa 9, nikawaeleza sekunde 25, nikawaletea mizani waione. Mazungumzo yakahamia kwenye majahazi ya zamani, na wao wakawa wanakunywa taratibu, kama watu waliozoea kikombe cha mafunda matatu kudumu nusu saa, na muda wote huo barafu ilikuwa inafanya kazi yake.

Aliyekuwa akisimulia habari za nahodha mmoja alinyamaza katikati ya safari. Akaitazama bilauri. Ami naye aliinamisha yake, akaliacha pande lililobaki, sasa dogo na jeupe tupu, liteleze mpaka mdomoni, akalimumunya macho yakiwa yamefumbwa.

"Mwanangu, maji haya umeyateka wapi?"

"Ni ya chupa, Ami. Ya dukani."

"Sikuulizi ya kahawa. Nakuuliza haya." Akagonga bilauri kwa ukucha.

Nilifungua kinywa, nacho hakikutoa kitu.

"Haya ni maji ya kisima cha uani mwenu," akasema. "Mimi na baba yako tumeyateka kwa ndoo na kamba tungali watoto. Yana chumvi, na nyuma ya chumvi yana kutu."

"La," akasema mzee wa pili, "haya ni ya kisima cha msikitini. Cha uani kina kutu zaidi."

"Cha msikitini ni chumvi kavu, haina kutu kabisa!"

"Tuletewe barafu nyingine tuhakikishe."

Nami, ambaye nilikuwa nimeagiza majina ya Kiitaliano na kuazima mizani ya dhahabu, nikaingia jikoni nikawatolea sahani ya mapande sita. Walikaa wazee watatu wenye kofia za vito, kila mmoja na pande lake shavuni, wakihukumu. Binti yangu aliyekuwa mlangoni ndiye aliyemaliza mabishano.

"Baba ndiye aliyejaza vibao," akasema. "Mferejini, usiku. Mfereji ulikuwa unakohoa."

Mfereji unapokohoa ni pampu ya kisima inasukuma hewa. Kila mtoto wa Kibokoni anajua.

Baada ya wageni kuondoka nilikaa na vibao vyangu nikaelewa kila kitu kwa mpigo. Maji yanapoganda huanzia nje, na sehemu inayoganda huisukuma chumvi kuelekea ndani, mpaka inajikusanya katikati pamoja na viputo vya hewa. Lile lulu nililomwita mtoto aje kulitazama lilikuwa ndilo kisima chenyewe. Pembeni palipoyeyuka kwanza palitoa chumvi kidogo tu, na chumvi kidogo hupunguza uchungu wa kahawa, ndiyo maana funda la kwanza lilikuwa linanifanya nijisifu. Kiini kilikuwa kinangoja mwisho wa bilauri.

Nilikwenda kumwomba radhi muuza kahawa, ambaye alinisamehe baada ya kunifanya nilisimulie jambo lile mara mbili, ya pili mbele ya wateja. Mizani nimeirudisha. Chupa ya achari haikurudi, na hutajwa nyumbani kwetu kila embe zinapofika sokoni.

Ijumaa iliyofuata Ami alipanda ngazi akihema, amebeba chupa kubwa ya kuhifadhia chai. Aliiweka mezani, akaifungua, ikawa imejaa barafu ya maji ya mkokoteni, aliyoigandisha mwenyewe nyumbani kwake. Aliniamuru niilete ile kahawa isiyo na moshi. Nilipoitengeneza na kumpa, aliirudisha mkononi mwangu, akataka ninywe kwanza mimi, mpaka chini.