Magunia Matatu Hodhini

Nyumba tunayoikodi mtaani Milimani, Nakuru, katika ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani, ina hodhi ya kuogea ambayo hakuna mtu wa familia yetu aliyewahi kuoga ndani yake. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka wa 2021, lakini inaonekana mfereji wetu haukupelekewa habari hiyo, na mahali penye mgao wa maji hodhi huwa ni tangi tu. Maji yakija tunaijaza; yakikatika tunachota kwa jagi na kuogea kando, huku nusu yake ikirukia ukutani. Mshono kati ya hodhi na vigae ulikuwa umeota ukungu mweusi na kuachama, na maji yaliyoingia humo yalishuka moja kwa moja kwa Mzee wa chini, mstaafu wa reli. Mzee ni mpole, hakuwahi kulalamika hata siku moja. Ila alianza kuja kutujulia hali akiwa amebeba mwavuli uliokunjwa, hata wakati wa kiangazi.

Niliuelewa ujumbe. Jumamosi moja nikaenda dukani nikanunua mrija wa mililita 280 wa silikoni nyeupe, ile gundi laini ya kuzibia mianya, pamoja na bunduki ya kuikamulia. Muuzaji, ambaye alinitazama mikono na kuona kuwa haijawahi kushika chochote kizito kuliko kalamu, alinionya kwamba niikwangue silikoni ya zamani yote, kwa kuwa mpya haishiki juu ya kuukuu, kisha nipanguse kwa spiriti na kuacha pakauke. Halafu akaongeza jambo ambalo natamani asingelisema: nijaze hodhi maji kabla ya kuziba, kwa sababu hodhi iliyojaa hudidimia kidogo na mshono hupanuka, na ukiuziba ikiwa tupu utachanika siku ya kwanza ya kujazwa. Ikae hivyo hivyo, imejaa, kwa saa 24.

Niliimwaga akiba yetu yote ya maji ili nipate nafasi ya kukwangua, kazi iliyonichukua asubuhi nzima pamoja na ukucha mmoja. Nilipomaliza nikafungua mfereji ili niijaze upya. Ulikohoa mara mbili, ukanyamaza. Nikaondoka pale nikiwa nimekasirika.

Hapo ndipo elimu yangu ya sekondari iliponiponza. Hodhi, nilikisia, huchukua lita 150 hivi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo nilichohitaji si maji bali kilo 150 za kitu chochote. Na pale ukumbini palikuwa na magunia matatu ya viazi aina ya Shangi, ya kilo 50 kila moja, ambayo mke wangu alikuwa ameletewa kutoka Molo kwa ajili ya kibanda chake cha chipsi. Hesabu ilikubali bila hata kubaki sifuri. Nikatia kizibo ili udongo usiingie kwenye bomba la maji machafu, nikavimwaga viazi vyote, navyo vikafanya kilima kilichoupita ukingo wa hodhi.

Kuziba kwenyewe kulikwenda vizuri, isipokuwa hakuna aliyeniambia kwamba nyuma ya bunduki kuna kidude cha kubonyeza ili silikoni iache kutoka. Iliendelea kutoka nilipoiweka chini, ikatoka nikijikuna, ikatoka juu ya kitasa, taulo na suruali, nayo ukijaribu kuiosha kwa maji huenea tu. Nyumba nzima ilinuka siki. Lakini nilipoulainisha mshono kwa kidole kilichochovywa kwenye maji ya sabuni, ulinyooka kama reli ya Mzee.

Mke wangu aliporudi jioni alisimama mlangoni mwa bafu kwa muda mrefu.

“Baba Imani,” akasema, “viazi vyangu vinaoga?”

Nilimweleza habari za uzito na mshono. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kwa kawaida ni dalili mbaya, kisha akasema anavihitaji kesho saa sita mchana, akaenda kulala.

Maji yalirudi saa nane usiku. Nayajua hayo kwa sababu niliota nimeketi kando ya mto, na mto huo ulikuwa ukigonga mlango. Mfereji niliouacha wazi mchana ulikuwa ukitiririka kwa nguvu zote ndani ya hodhi yenye kizibo, na kwa kuwa viazi huzama, navyo tayari vilikuwa vimechukua sehemu kubwa ya nafasi, maji hayakuhitaji muda mrefu kufika juu. Lipo tundu la kutolea maji yanayozidi. Kiazi kimoja kinene kilikuwa kimelikalia. Uji wa udongo wa Molo ulikuwa umevuka ukingo, umepita ukumbini na kuelekea ngazini.

Nilifungua mlango. Mzee alikuwa amesimama pale katika pajama, na safari hii mwavuli ulikuwa umefunguliwa.

Tulikausha sakafu sote wanne, Imani akiwa na dekio, hadi alfajiri. Viazi vilivyolowa havikai, kwa hiyo Jumapili nzima nilimenya, na Mzee akapelekewa chipsi sahani tatu, ambazo alizipokea bila kusema neno. Kabla ya hapo, hata hivyo, aliomba tochi, akapiga magoti kando ya hodhi na kuukagua mshono wangu kutoka pembe hadi pembe kwa makini ya mtu aliyezoea kukagua njia ya gari moshi. Aliugusa kwa kidole.

“Kijana,” akasema, “hapa hapavuji.”

“Hapana, Mzee,” nikamjibu. “Hapo hapavuji.”