Tumeleta Silabasi, Tukasahau Rasimu

Piga hesabu ya darasa moja la uandishi la mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha huku Marekani. Wanafunzi 20, muhula wa wiki 15, insha nne, na kila insha inasomwa mara mbili: rasimu kwanza, kisha nakala ya mwisho. Hizo ni karatasi 160. Kila karatasi ukiipa dakika 20, umetumia zaidi ya saa 53 nje ya darasa, na mwalimu mwenye madarasa manne ana saa 213 za kusoma tu. Hapo hajaandaa somo wala hajakutana na mwanafunzi ofisini. Kwa wengi wanaofundisha Kiingereza katika vyuo vya huku, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Riwaya na mashairi yapo, ila mzigo wa kila siku ni insha za vijana wa miaka 18.

Sasa tazama kwetu Kenya. Somo la stadi za mawasiliano ni la lazima katika mwaka wa kwanza, na ukumbi wa watu 200 au 300 si ajabu. Kuna kazi ya nyumbani moja, jaribio moja au mawili, halafu mtihani wa mwisho ambao kwa kawaida hubeba alama 70 kati ya 100. Mwanafunzi anaandika mara moja, anapewa alama, na mara nyingi karatasi yake haioni tena. Kupimwa amepimwa. Kufundishwa kuandika bado.

Wengi wetu tuliosomea huku tukirudi nyumbani, au tukialikwa kusaidia kuandika mtaala, tunabeba orodha ya vitabu na nadharia mpya mpya. Mimi naona tumebeba kisichofaa tukaacha kinachofaa. Kilichostahili kuvuka bahari ni ule utaratibu wa rasimu. Upande wa fasihi na mazingira, sisi hatukuwa na haja ya kuazima sana.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Somo la uandishi kwa wanafunzi wote wapya lilianza Harvard mwaka 1885, na chama cha walimu wa uandishi wa vyuo, CCCC, kimekuwapo tangu 1949. Chama hicho kinashauri darasa lisizidi wanafunzi 20, na ikiwezekana wawe 15. Mwanafunzi huleta rasimu isiyo na alama. Wenzake wawili au watatu huisoma, kisha mwalimu huisoma na kuandika maoni machache mwishoni, halafu hukaa na mwenye karatasi dakika 15 hivi. Baada ya hapo anaandika upya. Kuandika upya maana yake si kunakili kwa mwandiko mzuri zaidi.

Chukua mfano wa insha kuhusu mto. Rasimu ya kwanza huanza hivi: "Mazingira ni muhimu sana katika maisha ya binadamu." Sentensi hiyo imetufuata tangu shule ya msingi, na haiwezi kupingwa kwa kuwa haijasema lolote. Mwalimu asiyejua kazi ataipigia tiki kwa sababu sarufi ni safi. Anayejua ataandika pembeni maswali matatu: mto gani, ulikwenda lini, uliona nini kwa macho yako? Wiki moja baadaye sentensi inarudi imekuwa hivi: "Saa moja asubuhi, nyuma ya soko la Gikomba, maji ya Mto Nairobi yalipita meusi na juu yake povu jeupe lenye harufu ya sabuni." Sasa kuna la kujadili. Povu limetoka wapi? Nani anaruhusiwa kulimwaga? Hoja imepata mahali pa kusimama, na aya tatu zinazofuata zinajiandika.

Lakini utaratibu huu una mahali unapoharibika. La kwanza ni kutia alama kwenye rasimu. Kijana akishaona 68 amemaliza, maoni hayasomi tena. La pili ni kalamu nyekundu kwenye kila kosa. Mwanafunzi hurekebisha mikato na tahajia arobaini, akaacha hoja mbovu ilipokuwa, maana ndivyo ulivyomwonyesha kwamba kilichokukera ni mikato. Chagua mambo mawili makubwa, na makosa ya lugha yaache hadi nakala ya mwisho. La tatu ni kuwaambia wanafunzi wasomeane bila kuwapa swali. Wataandika "kazi nzuri sana" na kurudisha, kwa sababu adabu inamkataza mtu kumwaibisha mwenzake. Wape maswali yasiyohitaji sifa wala lawama: mwandishi anadai nini, kwa sentensi moja? Ulipotea wapi? Ushahidi uko kwenye mstari gani?

Nisiipambe Marekani kupita kiasi. Kazi hii nzuri kwa kiasi kikubwa hufanywa na watu wanaolipwa kidogo kuliko wote katika idara: wanafunzi wa uzamivu na walimu wa mkataba wanaolipwa kwa kozi, muhula kwa muhula, wengi wao bila bima ya afya ya mwajiri wala uhakika wa muhula ujao. Profesa wa fasihi katika chuo kikubwa cha utafiti hufundisha kozi mbili kwa muhula, mwenzake wa uandishi nne au tano. Anayeingia kwenye ngazi ya kuelekea ajira ya kudumu huanza kama profesa msaidizi, na karibu na mwaka wa sita faili lake hufunguliwa: utafiti, ufundishaji, huduma kwa chuo. Katika vyuo vya utafiti, kwa mtu wa fasihi, utafiti maana yake ni kitabu kilichochapishwa na matbaa ya chuo kikuu baada ya kupitiwa na wasomi wa nje. Akikubaliwa anapata ajira ya kudumu. Akikataliwa, kwa kawaida hupewa mwaka mmoja wa kutafuta kwingine. Maoni aliyoandika kwenye rasimu 600 hayampi kitabu, na kila mtu anajua. Kwetu mhadhiri aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu na pensheni ana utulivu ambao wengi huku wanautamani, ingawa mhadhiri wa kibarua wa Nairobi na wa Ohio wangeelewana bila mkalimani.

Kwenye mazingira ndipo naona tumenunua tulichokuwa nacho. Uhakiki wa fasihi kwa jicho la mazingira ulipata chama chake Marekani mwaka 1992, na kwa miaka mingi mfano wake mkuu ulikuwa mtu mmoja peke yake porini. Mwandishi wa Marekani Henry David Thoreau alikaa kando ya ziwa la Walden kuanzia 1845 hadi 1847, miaka miwili na miezi miwili, akaandika juu ya upweke na uangalifu. Ni maandishi mazuri na nayapenda. Ila ukiyafanya kuwa mlango wa kuingilia, mwanafunzi anajifunza kwamba mazingira ni mahali pasipo na watu, ambapo mtu huenda ili awaache wengine. Mtoto aliyekua akichota maji, akichunga, akipanda mahindi kwa kuangalia mawingu, anakaa darasani akidhani yeye hana mazingira, ana shida tu.

Nairobi ilikuwa imeshalijadili jambo hili mapema. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza idara ya Kiingereza ya chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, mahali pake pawe na idara inayoiweka Afrika katikati, na fasihi simulizi iwe mojawapo ya nguzo. Nyimbo za kazi, vitendawili vya wadudu na mvua, ngano zinazoeleza kwa nini mti fulani haukatwi: yote hayo ni maandishi ya mazingira kwa maana kamili, ijapokuwa hayakuandikwa. Yana watu ndani yake, yana jasho, na yana ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kisima.

Na upande wa maandishi tunazo barua za Wangari Maathai. Mwaka 1989, ilipotakiwa kujengwa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, aliandika kwa Ofisi ya Rais, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa Balozi wa Uingereza. Alitukanwa hadi bungeni. Wafadhili wa nje wakajitoa na jengo halikusimama. Taaluma yake ilikuwa anatomia ya mifugo, si fasihi, lakini mwalimu wa uandishi hawezi kutamani somo bora zaidi kuhusu nani anaandikiwa, anaombwa afanye nini, na kwa ushahidi upi.

Sasa, rasimu katika ukumbi wa watu 240 zinawezekanaje? Zinawezekana ukipunguza ukubwa wa karatasi badala ya idadi ya marudio. Acha insha ya kurasa nane, dai aya moja ya maneno 150 hadi 200 iliyoandikwa kwa mkono. Kwanza mwanafunzi aende mahali pamoja mara tatu, kila mara dakika 20: mtaro, kituo cha matatu, shamba, dampo. Daftari lake liwe na safu mbili, ya alichokiona au kukisikia, na ya anachokidhani. Kosa la kawaida ni kuandika "maji machafu" kwenye safu ya kwanza. Uchafu ni hukumu. "Chupa 14 za plastiki, harufu ya mafuta ya taa" ndicho alichokiona. Akishazoea kutenganisha hizo mbili, nusu ya uandishi wa kitaaluma ameipata, na daftari hilo ndilo kinga nzuri kuliko zote dhidi ya insha zinazotungwa na akili unde. Mashine haikwenda mtaroni.

Kisha wagawe wanne wanne, makundi 60. Kila mmoja asome aya yake kwa sauti na apewe dakika 12 za kujibiwa yale maswali matatu ya kusomeana. Wanne wanamaliza kwa dakika 48, kipindi kimoja. Viti vya ukumbi vikiwa vimefungwa sakafuni, wawili wa mstari wa mbele wanageukia wawili wa nyuma. Hakuna nakala za kuchapisha, hakuna gharama. Wewe chukua aya 80 kwa wiki, kila moja dakika nne na maoni ya mistari miwili, na baada ya wiki tatu umewafikia wote kwa saa 16. Ni kazi, lakini inabebeka. Upande wa alama, ukiwa na 30 za muhula, weka 10 kwa kuleta daftari na rasimu kwa wakati, na 20 kwa nakala iliyoandikwa upya. Mtihani wa 70 unabaki ulivyo, hakuna haja ya kusubiri Seneti ya chuo.

Nakala ya mwisho iwe barua kwa mtu mwenye mamlaka. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira Kenya, hutangaza ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira katika Gazeti Rasmi la Serikali na magazetini, ikialika maoni ya wananchi, aghalabu ndani ya siku 30. Chagueni tangazo moja la mradi ulio karibu, kisha aya zile za daftari zigeuzwe kuwa maoni. Aya ya kwanza itaje jina la mradi na namba yake kama ilivyo kwenye tangazo. Ya pili iseme kilichoonekana, wapi, tarehe ngapi. Ya tatu iombe jambo moja linalotekelezeka. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na mwanafunzi akitaje mara moja tu, mahali kinapobeba uzito. Barua ichapwe nakala mbili, moja ibaki ofisini kwa NEMA, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi darasani.