Amefungiwa ghalani, si jela

Nimesoma makala inayosema kwamba vijidudu vya kifua kikuu (TB) hula mafuta ya mgonjwa, na inayouliza kama tunaweza kuvinyima chakula hicho. Imesema kweli, ila imepita mbio pale penye utamu. Seli ya kinga inayommeza kijidudu hudhani imemtia jela. Kumbe imemfungia ghalani. Humo ndani kijidudu huisukuma seli hiyo ijaze matone ya mafuta hadi ionekane kama povu kwenye hadubini, kisha huanza kuchota taratibu. Kolesteroli, mojawapo ya mafuta hayo, huivuta kwa mlango maalumu ulio kwenye mwili wake uitwao Mce4, jambo lililoonyeshwa mwaka 2008.

Jenomu yake, yaani maelekezo yake yote ya urithi, iliposomwa mwaka 1998, alikutwa na vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kikemia) kama 250 vya kushughulikia mafuta. Bakteria E. koli wa tumboni ana kama 50 tu. Huyu ni mlafi wa kuzaliwa!

Sasa, mwandishi wa makala anauliza kama tunaweza kumnyima kijidudu huyu chakula. Wapo watakaokimbilia kumwondolea mgonjwa mafuta kwenye sahani. Jamani, hapana. Seli zetu hujitengenezea kolesteroli zenyewe, na mgonjwa wa TB anahitaji kula vizuri. Mimi naweka macho kwenye kimeng'enya kiitwacho isositreti layasi, kinachomsaidia kujenga sukari kutokana na mafuta. Sisi binadamu hatuna njia hiyo, kwa hiyo dawa ya kukizima ingemkaba yeye bila kugusa kazi za seli zetu. Kikwazo ni kwamba anavyo vya aina mbili: ukizima kimoja, kingine kinashika zamu.