Petroli ndani ya silinda: akiba ya mafuta na masizi yasiyoonekana

Mwenye gari la petroli amezoea kumcheka mwenye dizeli kwa moshi mweusi. Zamani alikuwa na haki. Petroli ilipulizwa kwenye njia ya hewa, nje ya valvu, ikapata muda wa kugeuka mvuke kabla ya kuingia kwenye silinda. Mwaka 1996 Mitsubishi ikaleta injini ya GDI, yaani ya kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwenye gari lake la Galant, na Toyota haikukawia kutoa ya kwake, D-4. Nozeli, yaani kipulizio cha petroli, ikahamia ndani ya silinda. Shinikizo la petroli, ambalo kwenye mfumo wa zamani halizidi bar chache, likapanda hadi 50, kisha 200, na leo 350 ni jambo la kawaida.

Faida yake si propaganda ya wauza magari. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya silinda hufyonza joto la hewa iliyomo. Hewa ikipoa, injini haigongi upesi, yaani petroli haijiwashi ovyo yenyewe, na mhandisi anapata ruhusa ya kuongeza mgandamizo, au kufunga tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda) kwenye injini ndogo ya lita 1.4 ili ifanye kazi iliyokuwa ya lita mbili. Mafuta yanapungua, na kaboni dioksidi nayo inapungua.

Tatizo ni muda. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, mpigo mmoja wa pistoni huchukua milisekunde 15. Ndani ya muda huo petroli inatakiwa ipulizwe, igeuke mvuke na ichanganyike na hewa. Isipowahi, matone hutua juu ya pistoni, kwenye ukuta wa silinda, au hubaki yameng'ang'ania ncha ya nozeli. Moto ukifika hapo unakuta mafuta mengi na hewa kidogo, na matokeo yake ni masizi. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, ndipo hali inapokuwa mbaya zaidi, kwa sababu chuma baridi hakisaidii petroli kuwa mvuke.

Masizi haya ni madogo mno kuonekana kwa macho, na hapo ndipo ubishi wa Ulaya ulipoanzia. Ukiyapima kwa uzito, gari linapita: kikomo ni miligramu 4.5 kwa kilomita, na chembe hizi hazina uzito wa maana. Ukizihesabu moja moja, hadithi inageuka. Dizeli iliwekewa kikomo cha chembe bilioni 600 kwa kilomita tangu mwaka 2011, na kwa kikomo hicho chujio la masizi kwenye eksozi likawa halikwepeki. Injini za petroli za aina hii zilipofikiwa na Euro 6, kanuni ya Ulaya ya moshi wa magari, mwaka 2014, zilipewa ruhusa ya mara kumi zaidi, trilioni 6, kwa miaka mitatu. Yaani gari jipya la petroli liliruhusiwa kisheria kutoa chembe mara kumi ya zile za dizeli iliyokuwa ikinyooshewa kidole.

Watengenezaji walikuwa na hoja, na haikuwa ya kijinga. Walisema chujio huziba njia ya moshi na kula sehemu ya akiba ya mafuta, na kwamba dawa ni kuboresha upulizaji: shinikizo kubwa zaidi, matundu yaliyoelekezwa vizuri, na petroli kugawanywa katika mipulizo miwili au mitatu midogo. Yote hayo yalipunguza masizi kwelikweli. Upande wa pili, shirika la Transport & Environment la Brussels lilidai mwaka 2013 kwamba chujio lingemgharimu mtengenezaji kama euro 50. Ukishaona bei hiyo, maneno mengi kuhusu ugumu wa kiufundi yanaanza kusikika kama maneno ya mhasibu.

Naona watengenezaji walikuwa sahihi maabara, wakakosea barabarani. Mercedes ilifunga chujio kwenye S 500 mwaka 2014, bila kungoja. Wengine walisubiri mpaka 2017, vipimo vya chembe vilipohamia barabara halisi na ruhusa ya mara kumi ikaisha. Kuanzia hapo chujio likawa jambo la kawaida. Lina udhaifu wake: masizi huungua pale dereva anapoachia pedali ya mafuta, hewa ikapita kwenye chujio lililopata moto wa kutosha. Safari za kilomita mbili mbili hazilifikishi hapo.

Toyota ina njia nyingine, D-4S, yenye nozeli mbili kwa kila silinda: moja ndani, moja nje. Injini inachagua itumie ipi kulingana na kazi. Petroli ya nje inaosha valvu pia, ambazo kwenye upulizaji wa ndani pekee huota kaboni. Kwangu hili ndilo jibu zuri zaidi kihandisi, ingawa ni vipuri vingi zaidi vya kuharibika.

Tusiufanye mfumo wa zamani mtakatifu, lakini. Kikomo cha Euro 6 cha kuhesabu chembe hakikuugusa kabisa. Euro 7, kanuni inayoifuata, ndiyo inayoweka injini zote kwenye mzani mmoja, na kuhesabu chembe ndogo hadi nanomita 10 badala ya 23.

Huku kwetu D-4 inaogopwa kwa sababu nyingine: pampu ya shinikizo na nozeli zake hazivumilii petroli chafu, na bei yake inauma. Masizi hayamo kwenye mazungumzo ya mnunuzi wala ya fundi. Kenya inazuia kuingizwa kwa magari yaliyopita miaka minane, lakini umri hauelezi kama gari lina chujio. Na fundi aliyezoea kung'oa masega (kifaa cha kusafisha moshi) kwenye eksozi hatalionea huruma chujio.

Kwa gari la kuzunguka mjini, ningechukua la upulizaji wa nje au la nozeli mbili. Anayesafiri Dar es Salaam hadi Mbeya kila wiki, na ana uhakika wa kituo anachojazia mafuta, achukue la upulizaji wa ndani, ila ahakikishe lina chujio na aliache mahali pake.