Magritte alikataa kufasiriwa. Tumtii?

Mwanamume na mwanamke wanabusiana, vichwa vyao vimefunikwa gubigubi kwa kitambaa cheupe. Midomo inakutana, ngozi haigusani. René Magritte, mchoraji wa Ubelgiji, alichora picha hii mwaka 1928 na kuiita Wapenzi. Anayeiona kwa mara ya kwanza hakosi kuuliza: ina maana gani?

Jibu moja limerudiwa hadi limechakaa. Mwaka 1912, Magritte akiwa na umri wa miaka 13, mama yake alijiua kwa kujitosa katika mto Sambre. Inasimuliwa kwamba mwili ulipoopolewa, gauni la kulalia lilikuwa limemfunika uso. Basi kitambaa cha kwenye picha ndicho gauni lile, na mjadala umekwisha.

Magritte hakuikubali tafsiri hiyo. Hakupenda picha zake zigeuzwe kuwa dalili za majeraha ya utotoni. Hata majina ya picha nyingi yalipendekezwa na marafiki zake. Golconda, picha ya mwaka 1953 yenye wanaume waliovaa kofia wakielea mbele ya majengo, ilipewa jina na mshairi Louis Scutenaire. Anayesaka siri ya mchoraji kupitia jina la picha huenda anasoma mawazo ya mtu mwingine kabisa.

Hapo ndipo wapenzi wa sanaa hii wanapogawanyika. Kuna wanaosema picha za usurealisti, mkondo wa sanaa wa Magritte na wenzake unaochota kwenye ndoto, ziliundwa makusudi kuishinda akili, kwa hiyo kuzieleza ni kuzirudisha kule kule zilikotoroka. Wengine wanajibu kwamba mchoraji anayetangaza kuchota kwenye ndoto amewaalika wafasiri mwenyewe. Wana hoja. Mwandishi Mfaransa André Breton, aliyewahi kuwahudumia askari wenye matatizo ya akili wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alitoa ilani ya usurealisti mjini Paris mwaka 1924 akimtegemea sana Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyefasiri ndoto za wagonjwa wake. Huwezi kumwita Freud sebuleni halafu ukakasirika mtu akikuuliza uliota nini.

Tatizo ni kwamba wengi wanaodai kumfuata Freud hawamfuati. Wanatumia orodha: maji ni mama, ufunguo ni tamaa, yai ni kuzaliwa upya. Mwaka 1937 Breton alipomwomba achangie mkusanyiko wa ndoto, Freud alijibu kwamba ndoto zilizokusanywa tu, bila kujua mwotaji anazihusisha na nini wala aliziota katika mazingira gani, hazimwambii chochote. Turubai haliwezi kuhojiwa. Kwa hiyo anayefasiri picha kwa orodha ya alama anafanya jambo ambalo Freud mwenyewe alilikataa.

Kwa upande wangu, kufasiri ni halali, tena kunahitajika, mradi tafsiri ibebe picha nzima. Hadithi ya mto Sambre inaeleza kitambaa. Haielezi busu. Haielezi kwa nini mwanamume amevaa suti na tai, wala kwa nini mwaka ule ule Magritte alichora Wapenzi wengine, nyuso zimefunikwa vile vile, lakini safari hii wamesimama nje, vichwa vimeegemeana, wakitugeukia sisi. Maombolezo huenda yamo. Lakini anayeishia hapo ameacha nusu ya picha bila kuitazama.

Neno la mchoraji nalo lisichukuliwe kama hukumu. Kudumu kwa Kumbukumbu, kazi ya msurealisti wa Uhispania, Salvador Dalí, ya mwaka 1931, ni picha ndogo ajabu: sentimita 24 kwa 33 hivi. Wengi huona saa zilizoyeyuka na kukimbilia Einstein na nadharia yake ya uhusianifu. Dalí alisema wazo lilitokana na jibini la Camembert lililolainika. Ni rahisi kudhani anatania, na kweli alikuwa mtu wa vituko. Ila sogea karibu na picha. Chini kushoto kuna saa moja ambayo haikuyeyuka, ya rangi ya machungwa, kifuniko kimefungwa, na juu yake wamejaa sisimizi wadogo weusi. Saa nyingine ina nzi. Wadudu hawavutwi na chuma. Wanavutwa na kinachooza. Jibini na wadudu wanasema lugha moja: vitu vigumu vimegeuka nyama. Hapo jibu la Dalí, lililoonekana la kipuuzi, linatufikisha mbali kuliko fizikia, kwa sababu linakubaliana na kilichochorwa.

Dalí huyo huyo ananitia mashaka pia. Aliamini kwamba wakulima wawili wanaosali shambani katika Angelus, picha ya mchoraji Mfaransa Jean-François Millet, mbele yao kapu la viazi, walikuwa wanamwombolezea mtoto aliyekufa. Ungesema ni wazimu. Makumbusho ya Louvre yalipoipiga picha hiyo eksirei, chini ya rangi, karibu na kapu, likaonekana umbo la kisanduku. Si wote wanaokubali kwamba ni jeneza, na mimi sioni kama limethibitishwa. Hata hivyo, kwa masharti niliyoyaweka hapo juu, Dalí angezuiwa asiseme, na umbo lile huenda lisingetafutwa kamwe. Hoja hiyo ina uzito, na sina la kuifuta.

Lakini wanaosema "tuiache picha ijisemee" wanisaidie kwa Wifredo Lam. Mchoraji huyu wa Kuba, baba yake Mchina, mama yake mwenye asili ya Afrika na Uhispania, alikamilisha La Jungla mwaka 1943. Jina linasema msitu, ila mashina marefu yaliyosongamana yanafanana na miwa, zao lililolimwa Kuba kwa jasho la watumwa. Kuna mkono umeshika mkasi. Kuna viumbe nusu watu, nusu farasi, na katika Santería, dini ya Kuba yenye asili ya Afrika, ambamo mama wa ubatizo wa Lam alikuwa kuhani, anayepandwa na orisha, yaani mungu wa dini hiyo, huitwa farasi wake. Maana hizi si za kubuni. Lam alikulia ndani yake. Asiyezijua ataona ndoto ya kigeni yenye vinyago, atasisimka kidogo, kisha atapita.

Na ndivyo ilivyokuwa. Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yaliinunua mapema, kisha kwa miaka mingi yakaitundika ukumbini, njiani kuelekea chumba cha kuwekea makoti, huku kazi za wenzake wa Ulaya zikiwekwa ndani na kuelezwa. Picha haikuwa imepungukiwa na cha kusema. Ilikosa wasomaji.