Vumbi, joto na maji: ubishi wa hewa ya injini za zamani

Kati ya 1908 na 1927 Ford ilitengeneza Model T zaidi ya milioni 15, na hakuna hata moja iliyotoka kiwandani ikiwa na kichujio cha hewa. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikaa chini, ubavuni mwa injini, ikivuta chochote kilichokuwepo. Fundi wa leo akiambiwa hivyo hutikisa kichwa. Kwake, injini isiyo na kichujio inasubiri tu siku ya kubadilishiwa ringi. Lakini wahandisi wa Ford huko Detroit hawakuwa wajinga. Vumbi walilijua, na uamuzi wao ulikuwa na hoja. Hoja hizo si dhaifu kama zinavyoonekana, ingawa kwa maoni yangu zilifaa kwa gari na hazikufaa kabisa kwa trekta.

Tuanze na kiasi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Mwenye gari huhesabu petroli kwa sababu ndiyo anayoilipia. Hewa ni ya bure, kwa hiyo haihesabu. Ila kuunguza kilo moja ya petroli kunahitaji karibu kilo 15 za hewa, na ukigeuza kuwa ujazo, lita moja ya petroli hudai takriban lita 9,000 za hewa. Trekta ya Fordson, iliyoanza kutengenezwa 1917, ilikuwa na injini ya lita 4.1 iliyozunguka mara 1,000 kwa dakika. Injini ya namna hiyo ikifanya kazi kwa nguvu huvuta hewa mita za ujazo 90 hivi kwa saa. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kila mita ya ujazo ya hewa ya shamba kavu ina nusu gramu ya vumbi. Siku ya kulima ya saa kumi itakuwa imeipitisha injini hiyo karibu nusu kilo ya udongo.

Sehemu kubwa ya udongo huo hutoka na moshi kupitia ekzosi. Inayobaki ndiyo tatizo. Chembe za mchanga mgumu zenye ukubwa wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu, ambazo jicho halizioni, zina unene unaokaribiana na ule wa utando wa oili kati ya ringi na ukuta wa silinda. Zinanasa pale, oili inageuka kuwa kama ile dawa nzito ya kusagia valvu, na kila pistoni inapopanda na kushuka inasaga. Kisha oili hiyo inateremka hadi kwenye beringi za krenki. Model T haikuwa na pampu ya oili wala kichujio cha oili. Gurudumu zito la nyuma ya injini lilikuwa likiirusha oili, nayo ikatiririka kurudi sehemu zake. Kilichoingia humo kilibaki humo hadi siku ya kumwaga oili.

Kwa nini basi hawakuweka kichujio?

Hoja ya kwanza ni ya hali halisi. Injini ya Model T ilikuwa ya lita 2.9 yenye nguvu za farasi 20, ikizunguka polepole, na mgandamizo wake, yaani kiasi ambacho pistoni inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli, ulikuwa kama 4 kwa 1 tu. Kufungua kichwa cha silinda ilikuwa kufungua bolti 15, kazi ambayo mkulima mwenye spana aliimudu mwenyewe bandani. Gari lenyewe halikwenda umbali mrefu, na katika majimbo mengi barabara zilikuwa tope kwa miezi kadhaa. Ukitengeneza gari la bei nafuu kwa mtu wa namna hiyo, kila kifaa unachoongeza lazima kijilipie.

Hoja ya pili ni ya kiufundi, nami naiona nzito zaidi. Kabureta hupima petroli kwa tofauti ya shinikizo la hewa. Bakuli lake la petroli liko wazi kwa hewa ya nje, na hewa inapopita kwa kasi kwenye koo jembamba, shinikizo hupungua, petroli ikanyanyuka. Weka kitambaa mdomoni mwa kabureta kisha kiache kizibe kwa vumbi. Umefanya kazi ileile ya kuvuta choki, kile kifuniko cha kubana hewa wakati wa kuwasha. Mchanganyiko unakuwa mzito, yaani petroli inazidi hewa, petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, inashuka na kuizimua oili iliyoko chini. Ringi zinakufa vilevile, ila kwa njia nyingine. Kwa maneno mengine, kichujio kisichosafishwa kinaweza kuua injini ileile kilichowekwa kuiokoa, na mtengenezaji hakuwa na njia ya kumlazimisha mnunuzi kukisafisha.

Hadi hapo naona Ford alikuwa na haki yake. Trekta, hata hivyo, ni habari nyingine. Gari hukimbia na kuliacha vumbi nyuma. Trekta ya wakati ule ilitembea kwa mwendo wa mtu, ikibeba mzigo kamili kutwa nzima, ndani ya wingu ililolitimua yenyewe kwa magurudumu ya chuma. Upepo ukitoka nyuma, dereva na injini walipumua udongo uleule. Katika mashamba makavu ya California na Utah injini ziliisha haraka mno.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Frank Donaldson, muuzaji wa matrekta ya Bull kutoka Minnesota. Historia ya kampuni yake inasimulia kwamba alimkuta mkulima wa Utah ambaye injini yake ilikuwa ikiharibiwa na vumbi, akamtengenezea kichujio cha waya na kitambaa. Waajiri wake hawakumshukuru. Kuuza kichujio, kwao, kulikuwa sawa na kukiri hadharani kwamba trekta yao ina kasoro. Alifukuzwa kazi, na mwaka huohuo, 1915, kampuni ya Donaldson ikaanzishwa. Bado ipo mpaka leo, na vichujio vyake viko kwenye malori yanayopita barabara zetu.

Kisa hicho kinaonyesha kikwazo ambacho wahandisi peke yao wasingekiondoa. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska lilipitisha sheria kwamba kila aina mpya ya trekta ipimwe kwanza ndipo iuzwe jimboni, na vipimo vikaanza huko Lincoln mwaka 1920. Ilikuwa sheria nzuri sana, iliyowaumbua waongo wa nguvu za farasi. Lakini fikiria inavyopima. Kichujio kinachobana hewa kinapunguza nguvu leo, mbele ya mpimaji, na namba inachapishwa. Uchakavu wa ringi unaonekana msimu wa pili au wa tatu, kwenye mfuko wa mkulima, wala haumo kwenye jedwali lolote. Mtengenezaji anayeweka kichujio kizuri analipa gharama mara mbili, ya chuma na ya namba, na faida anaipata mtu mwingine.

Baada ya kukubaliana kwamba trekta inahitaji kichujio, ubishi ukahamia kwenye aina. Kulikuwa na vya kitambaa, vya kuzungusha hewa ili uzito wa chembe uzitupe pembeni, vya nyuzi zilizolowanishwa oili, na vya maji. Chuo Kikuu cha California, kupitia kituo chake cha kilimo cha Davis, kilivipima mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kukuta tofauti kubwa: vingine vilikamata karibu kila kitu, vingine vilikuwa mapambo.

Fordson ilichagua maji, na kifaa chake kinastahili kutazamwa kwa karibu. Hewa iliingia kwenye tangi, ikalazimishwa kupita chini ya maji, ikapanda kama mapovu kabla ya kuelekea kwenye injini. Asubuhi unajaza maji safi, jioni unafungua chini na kumwaga uji wa matope. Mkulima aliyeyaona matope yale aliamini mara moja, kwa kuwa ushahidi ulikuwa mikononi mwake. Kasoro yake ilikuwa kwenye povu lenyewe. Maji hugusa ngozi ya povu tu. Chembe nyepesi iliyo katikati yake inaweza kupanda hadi juu na kupasuka nalo ikiwa kavu, na chembe hizo ndogo ndizo zinazosaga ringi. Maji yakipungua mchana, hewa inapita bila kuoshwa vizuri. Baridi ikiingia, na Minnesota baridi inaingia kweli, tangi linaganda. Matope yale ya jioni yalikuwa hesabu ya kilichokamatwa tu. Kilichopita hakikuacha alama kwenye ndoo.

Waliokitetea walikuwa na jibu, nalo linatupeleka kwenye upande wa pili wa suala hili: hali ya hewa yenyewe, yaani joto na unyevu wake.

Matrekta mengi ya wakati ule yaliwashwa kwa petroli, kisha yakipata moto yakahamishiwa mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa rahisi kwa bei. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi, hivyo yalihitaji kupashwa kwa joto la ekzosi, na yakipashwa sana injini inagonga, yaani sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe ndani ya silinda. Unyevu hutuliza kugonga huko, kwa kuwa maji yakigeuka mvuke hula joto. Kampuni ya Rumely, kwenye matrekta yake ya OilPull, haikubahatisha: kabureta yao iliingiza maji makusudi pamoja na mafuta ya taa, na dereva akayarekebisha kulingana na mzigo. Basi watetezi wa kichujio cha maji walidai kwamba kinasafisha na kutuliza kwa pamoja. Nakubali kwamba unyevu ulisaidia. Sikubali kwamba hiyo ni sababu ya kuchagua kichujio. Unyevu wa tangi la Fordson ulitegemea kiasi cha maji kilichobaki na ukali wa jua siku hiyo, wala si mahitaji ya injini. Kama unataka maji, yapime kama Rumely walivyofanya.

Kuhusu joto, ubishi ni mgumu zaidi kwa sababu pande zote mbili zina ukweli. Model T, pamoja na kukosa kichujio, ilikuwa na bomba la bati lililochukua hewa ya moto kando ya ekzosi na kuileta mdomoni mwa kabureta. Hakikuwa kitu cha anasa. Petroli inapogeuka mvuke hupoza kabureta, na siku yenye unyevu barafu hujijenga kwenye koo lake. Petroli yenyewe nayo ilikuwa ikibadilika. Magari yaliyosajiliwa Marekani yalikuwa chini ya nusu milioni mwaka 1910, na mwaka 1920 yakazidi milioni 9. Viwanda vya mafuta havikuweza kutosheleza kiu hiyo kwa sehemu nyepesi tu za mafuta ghafi, hata baada ya njia ya William Burton ya kuvunja mafuta mazito kuanza kutumika 1913. Kilichouzwa kama petroli kikawa kizito mwaka hadi mwaka. Bila joto, matone yalifika kwenye silinda yakiwa bado matone, yakaosha oili.

Upande wa pili unasema: hewa ya moto ni nyepesi. Ukiipasha kutoka nyuzi 20 hadi 60, uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda unapungua kwa karibu asilimia 12, na nguvu inapungua nao. Tena hewa ya moto inakaribisha kugonga. Kwa mgandamizo wa 4 kwa 1 hilo halikuwa na uzito mkubwa. Ila kadiri wahandisi walivyotaka mgandamizo wa juu zaidi, kugonga kukawa ukuta. Ndiyo maana Thomas Midgley, akifanya kazi chini ya Charles Kettering huko Dayton, alitafuta dawa ya kuchanganya kwenye petroli hadi akaipata kwenye madini ya risasi Desemba 1921. Madhara ya dawa ile kwa afya za watu yanahitaji makala yake.

Naona kosa la zama zile halikuwa kupasha hewa. Lilikuwa kuipasha kwa kiwango kilekile Januari na Julai. Wenye Model T waliligundua wenyewe, na wengi walilifungua bomba lile wakati wa kiangazi na kulirudisha baridi ilipoanza.

Magari ya kawaida yalifuata matrekta taratibu. Buick ya 1926 ilinadiwa kuwa na vichujio vitatu, cha hewa, cha petroli na cha oili. Ford Model A, iliyokuja baada ya Model T, bado ilitoka bila kichujio cha hewa. Katika miaka ya 1930 kichujio cha bakuli la oili ndicho kilichoshinda shambani, si kwa sababu kilikuwa chepesi au rahisi, bali kwa sababu kilikamata vumbi la siku nzima bila kubana sana hewa, na mkulima alikiosha kwa mafuta ya taa aliyokuwa nayo tayari. (Vijana wa bodaboda wanaong'oa eya klina ili pikipiki ivute wanacheza hesabu ileile ya Nebraska: nguvu ya leo, ringi za mwakani.)

Kuna wanaotunza Model T hadi sasa na wanaobishana kama waiwekee kichujio. Kwa anayeendesha kwenye lami siku chache kwa mwaka, sioni haja. Anayepita barabara za vumbi akiweke, ila asikibane moja kwa moja mdomoni mwa kabureta. Kabureta ya Model T inavuta hewa kutoka chini kwenda juu. Ukiwasha kwa hendeli huku umevuta choki kupita kiasi, petroli hudondoka kupitia mdomo huo. Bila kichujio inaanguka chini na kukauka. Kukiwa na sponji pale, inalowa, na moto ukirudi kupitia kabureta, jambo ambalo injini hizi hulifanya muda wa cheche ukikosewa, utakuwa na utambi unaowaka, na tangi la petroli haliko mbali. Kikae pembeni na juu kidogo, kiunganishwe kwa bomba lenye tundu sehemu yake ya chini kabisa ili petroli ipate pa kutokea.